Filamu Alizozipenda Baba: Propaganda ya Kisovieti au Sanaa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba yangu alisoma uhandisi wa umeme Kiev, akarudi nyumbani Morogoro mwaka 1983. Kila mkesha wa Mwaka Mpya alitusimulia filamu moja ya Kirusi, ya mtu aliyelewa akajikuta ndani ya nyumba ya mwanamke asiyemjua, tena katika mji mwingine. Akipiga pasi alikuwa akiimba wimbo ulioanza "mnye nravitsa". Sisi watoto tuliukariri bila kujua maana yake. Tangu afariki nimeanza kuzitafuta filamu za nchi ile. Nilipotazama ile ya Veronika na mchumba wake aliyekwenda vitani, nililia mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Kaka yangu ananiambia najidanganya: kila kamera ilikuwa mali ya serikali, kwa hiyo zote ni propaganda. Mwalimu, ni propaganda au ni sanaa? Kama serikali ilidhibiti kila kitu, hizi nzuri zilipitaje? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mzee.

Kuhusu kamera kaka yako hakukosea. Tarehe 27 Agosti 1919 Lenin alitia saini amri iliyoweka biashara ya picha na sinema mikononi mwa serikali, na mwaka huohuo ikafunguliwa Moscow shule ya filamu ambayo leo inaitwa VGIK, ya kwanza ya aina yake duniani. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka dola ilipokaribia kuvunjika, ukanda wa filamu, taa, studio, mshahara wa mwigizaji na jumba la kuonyeshea vyote vilikuwa vya serikali. Mwongozaji aliyekataliwa hakuwa na tajiri mwingine wa kumkimbilia.

Lakini kaka yako anaizungumzia serikali kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kauli moja. Haikuwa hivyo. Ilikuwa korido ndefu yenye milango mingi, na nyuma ya kila mlango ameketi mtu: huyu mwoga, yule mpenda cheo, mwingine mama yake aliuawa vitani. Filamu ilipita mlango hadi mlango, ikinyofolewa hapa, ikiponyoka pale. Swali lako la propaganda au sanaa halijibiwi kwa filamu zote kwa pamoja. Unaichukua moja, unaifuata katika korido hiyo, unaangalia imetoka na nini.

Na ajabu ni kwamba baba yako alikuwa akiwasimulia filamu yenye picha ya korido hiyo mwanzoni kabisa. Ni Ironiya sudby (Mzaha wa Majaliwa) ya Eldar Ryazanov, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1976. Daktari Zhenya Lukashin analewa na rafiki zake katika hamamu ya Moscow mkesha wa Mwaka Mpya, na kwa makosa wanampakia yeye kwenye ndege ya Leningrad. Akiamka anadhani bado yuko kwao. Anamtajia dereva wa teksi anwani yake. Mtaa wa jina hilo upo, jengo ni lilelile, mlango ni uleule, na ufunguo wake unafungua. Watu wanaikumbuka kwa hayo, na kwa Nadya mwenye nyumba anayerudi na kumkuta mgeni amelala.

Kabla ya hayo yote lakini kuna katuni fupi. Msanifu amechora jumba zuri lenye nguzo na roshani na nakshi. Anakwenda kuliombea saini. Ofisi ya kwanza inafuta kitu, ya pili inafuta kingine, kila muhuri unaondoka na pambo, mpaka linabaki boksi tupu lenye madirisha. Kisha maboksi yanaanza kutembea kama jeshi, yanaijaza dunia, jangwani na penye barafu. Watazamaji walicheka kwa sababu wenyewe walikuwa wamekaa ndani ya maboksi hayo wakati ule ule. Mimi kila nikiitazama naona muswada wa filamu. Ryazanov alikuwa ameshapita korido ile kwa miaka 20, tangu filamu yake ya vichekesho ya mwaka 1956, na siamini kwamba aliichora safari ya msanifu yule bila kuifikiria safari yake mwenyewe.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Wazo linaandikwa, linasomwa na wahariri wa studio: Mosfilm ya Moscow, Lenfilm ya Leningrad, au studio ya Dovzhenko hapo hapo Kiev aliposoma baba yako. Wakiridhika linapelekwa Goskino, kamati ya serikali ya sinema. Waigizaji wanapigwa picha za majaribio, nazo zinajadiliwa na baraza la kisanii la studio. Filamu ikikamilika "inakabidhiwa", na mwongozaji anarudi na orodha ya marekebisho: kata hiki, fupisha kile, ongeza matumaini mwishoni. Hatua ya mwisho ni daraja. Daraja ndilo lililoamua malipo ya waliofanya kazi na idadi ya kopi zitakazochapwa, na hapo ndipo adhabu nyingi zilipotolewa kimyakimya. Filamu haikupigwa marufuku; ilichapwa kopi chache tu, zikaonyeshwa wiki moja katika ukumbi wa pembezoni, basi.

Waongozaji nao walikuwa na maarifa yao. Mojawapo liliitwa "mbwa mweupe": unaweka kwa makusudi kitu kinachochoma jicho, mdhibiti anakirukia, mnabishana hadi jioni, mwishowe unakubali kukiondoa kwa uchungu mkubwa, na kile ulichokitaka hasa kinabaki. Hadithi inayopendwa zaidi kuhusu ujanja huu ni ya Leonid Gaidai. Husimuliwa kwamba alibandika mlipuko wa nyuklia mwishoni mwa Brilliantovaya ruka (Mkono wa Almasi, 1969), akakataa katakata kuutoa, mpaka wakubwa waliochoka wakamwachia vichekesho vyake vyote mradi mlipuko uondoke. Filamu hiyo ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 76.

Sasa propaganda. Ipo, na mbaya kabisa, wala sitaki uende kwa kaka yako ukiikana. Mwaka 1949 nchi ilikuwa bado haijasahau njaa ya 1946 na 1947 iliyoua watu vijijini; studio ikatengeneza Kubanskiye kazaki, filamu ya nyimbo ya Ivan Pyryev yenye mashamba yanayofurika nafaka na soko lililojaa kila kitu. Kipindi hichohicho Mikheil Chiaureli alitengeneza Padeniye Berlina (Kuanguka kwa Berlin), zawadi kwa Stalin alipotimiza miaka 70. Mwishoni Stalin anashuka kwa ndege Berlin, amevaa nyeupe, umati wa mataifa yote unamshangilia. Jambo hilo halikutokea kamwe. Stalin alikwenda Ujerumani kwa treni, kwenye mkutano wa Potsdam. Khrushchev mwenyewe, aliyeongoza nchi baada ya Stalin, katika hotuba yake ya siri ya Februari 1956, alisema Stalin alivijua vijiji kupitia filamu zilizovipamba, zenye meza zilizojaa bata mzinga. Fikiria: mtawala anaagiza uongo, kisha anauamini.

Stalin alizitazama filamu usiku Kremlin, na hukumu yake ilikuwa ya mwisho. Mwaka 1937 filamu ya Sergei Eisenstein iitwayo Bezhin lug ilisimamishwa, ukanda wake ukapotea, na leo tumebakiwa na vipande vya picha tu. Mwaka uliofuata mkuu wa sinema wa nchi nzima, Boris Shumyatsky, alipigwa risasi. Eisenstein alipotoa sehemu ya kwanza ya Ivan Grozny (Ivan wa Kutisha), alipewa Tuzo ya Stalin. Sehemu ya pili, iliyomwonyesha mfalme anayeteswa na hofu na kuzungukwa na wauaji wake, ikapigwa marufuku mwaka 1946. Februari 1947 Stalin alimwita Kremlin usiku pamoja na mwigizaji Nikolai Cherkasov, na mazungumzo yao yaliandikwa. Walizungumza kuhusu ukatili wa mfalme na kama ulikuwa wa lazima, na humo humo Zhdanov, mmoja wa viongozi waliokuwepo, akalalamika kuhusu ndevu za Ivan, na Stalin akasema kwamba busu la mfalme na mkewe lilichukua muda mrefu mno. Eisenstein aliahidi kupunguza ndevu. Alikufa mwaka uliofuata kwa moyo, akiwa na miaka 50, na sehemu ya pili haikuonekana hadharani hadi 1958.

Hofu ilizaa ukame. Mwaka 1951 nchi nzima, yenye studio kutoka Baltiki mpaka Asia ya Kati, ilitoa filamu za hadithi tisa hivi. Watu waliogopa hata kuanza.

Ndipo tunafika kwa Veronika wako, na ukijua ukame huo utaelewa kwa nini aliwaliza pia waliokuwepo. Letyat zhuravli (Korongo Wanaruka) ya Mikhail Kalatozov ilitoka 1957, mwaka mmoja baada ya hotuba ya Khrushchev. Vita viliua takribani watu milioni 27 wa nchi ile. Hapakuwa na ukumbi wa sinema ambamo kila safu haikuwa na mjane au yatima. Lakini kwa miaka 12 filamu za vita zilikuwa za majemadari na ramani na ushindi. Kalatozov akawaletea msichana ambaye hakuweza kusubiri.

Hilo ndilo lililokuwa zito, mwanangu, na huenda hukuliona kwa sababu ulikuwa unalia. Veronika anampenda Boris. Boris anajitolea kwenda vitani. Bomu linaua wazazi wa Veronika, na katika usiku wa mashambulizi Mark, binamu ya Boris, anamshika kwa nguvu, kisha Veronika anaolewa naye. Kwa kanuni za zamani angekuwa mfano wa aibu, aonyeshwe dakika tano ili wanawake wengine wajifunze. Hapa yeye ndiye moyo wa filamu. Kuna pale hospitalini ambapo baba wa Boris, daktari, anawakemea wanawake wanaowasaliti askari ili kumtuliza majeruhi mmoja, na Veronika amesimama pale pale anasikia kila neno. Hotuba ile ni hotuba ya serikali, neno kwa neno. Lakini kamera iko kwenye uso wa Tatyana Samoilova, anayemwigiza Veronika, na uso ule unashinda.

Mpiga picha alikuwa Sergei Urusevsky, aliyekuwa amebeba kamera mstari wa mbele wakati wa vita. Tazama tena kifo cha Boris. Hatumwoni akifanya ushujaa wa bango. Anambeba mwenzake aliyejeruhiwa kwenye tope, risasi inampata, anatazama juu, na vilele vya miti ya mibetula vinaanza kuzunguka. Ndani ya mzunguko huo inaingia ngazi ya nyumba yao, ileile aliyoipanda mbio mwanzoni, na arusi ambayo haitafungwa. Mwaka 1958 filamu hii ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Mwishoni, treni za washindi zinaporudi, rafiki wa Boris anapanda juu na kuhutubia kuhusu ushindi na kujenga maisha mapya. Hiyo ni sehemu ya lazima, saini ya mlango wa mwisho. Kalatozov ameiacha, hakuificha, na chini ya hotuba hiyo ameweka Veronika anayegawa maua yake, ua moja moja, kwa watu ambao si Boris. Kaka yako akikuuliza propaganda iko wapi, mwonyeshe hapo: vyote viwili viko ndani ya fremu moja.

Usidhani pia kwamba filamu nzuri zilitengenezwa na wapinzani peke yao. Grigory Chukhrai aliyeongoza Ballada o soldate (Utenzi wa Askari, 1959) alikuwa askari wa miavuli aliyejeruhiwa vitani, na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti aliyeamini. Filamu yake inatuambia tangu mwanzo kwamba kijana Alyosha hatarudi kutoka vitani. Amepewa likizo ya siku sita akatengeneze paa la mama yake, na njiani siku zote zinaliwa na shida za watu anaowasaidia, hadi akifika anapata dakika chache tu za kumkumbatia mama barabarani. Hakuna mdhibiti aliyelazimisha wema ule. Chukhrai aliamini ndivyo watu wake walivyokuwa, na mimi nikiitazama ninamwamini.

Nimesema nyuma ya milango kulikuwa na watu. Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Larisa Shepitko, mzaliwa wa Ukraine. Filamu yake Voskhozhdeniye (Kupanda, 1977) inatokana na kisa cha mwandishi wa Belarus, Vasil Bykov. Wapiganaji wawili wa msituni wanakamatwa na Wajerumani wakati wa baridi kali. Mmoja anakubali kufa, mwingine anachagua kuishi, na kila mmoja anakutana na alichokichagua. Shepitko alimpiga picha yule anayekufa kama Yesu kwenye sanamu za kanisa, katika nchi ambayo serikali yake ilihubiri kwamba Mungu hayupo. Ilitarajiwa kuzuiwa. Mume wake, Elem Klimov, naye mwongozaji, akafanikisha ionyeshwe kwa Pyotr Masherov, mkuu wa Chama cha Kikomunisti Belarus, hata kabla haijawa tayari kabisa. Masherov mwenyewe alikuwa kamanda wa wapiganaji wa msituni, na Wajerumani walimuua mama yake mwaka 1942. Taa zilipowaka alikuwa analia. Akasimama akazungumza kwa muda mrefu, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuizuia. Filamu ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye, Julai 1979, Shepitko alikufa kwa ajali ya gari akienda kupiga picha filamu nyingine, akiwa na miaka 41. Kwa maoni yangu hakuna hasara kubwa kuliko hiyo katika sinema ya nchi ile.

Si wote waliokutana na Masherov. Warusi walisema filamu "imewekwa rafuni", na rafu ile ilikuwa ndefu. Aleksandr Askoldov alitengeneza Komissar kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 50 ya Mapinduzi, mwaka 1967. Ni kisa cha kamanda mwanamke wa Jeshi Jekundu aliyepata mimba katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akahifadhiwa na fundi maskini Myahudi mwenye watoto wengi katika mji wa Berdichev. Katikati ya filamu wakati unaruka mbele, na tunaiona familia ile ikipelekwa na umati wa Wayahudi kwenye kambi ya mauaji. Mwaka huohuo ulikuwa wa Vita vya Siku Sita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, na Moscow ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli. Askoldov alitakiwa kuwaondoa Wayahudi katika hadithi; alikataa. Alifukuzwa studio, akafukuzwa Chama, na filamu ikafungiwa miaka 20. Ilipoonyeshwa hatimaye Moscow mwaka 1987, kisha ikatuzwa Berlin mwaka 1988, alikuwa mtu mzima wa miaka 55 na zaidi. Hakutengeneza filamu nyingine ya hadithi maisha yake yote. Nikisikia mtu akisema udhibiti uliwafanya wasanii wawe na akili zaidi, namfikiria Askoldov. Wapo uliowanoa, na wapo uliowamaliza.

Rafu ilianza kufunguliwa Mei 1986, pale chama cha watengenezaji filamu kilipomchagua Klimov, mume wa Shepitko, kuwa kiongozi wake. Waliunda kamati ya kupitia filamu zilizozuiwa, na kazi za Kira Muratova, Aleksei German na wengine zikaanza kutoka moja baada ya nyingine.

Swali lako la zilipitaje lina upande mwingine, nao ni watazamaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 4 kwa mwaka katika nchi ya watu kama milioni 240. Igawanye mwenyewe: zaidi ya mara 16 kwa kila mtu, mtoto wa mgongoni akihesabiwa. Umati huo ulijua kutazama. Warusi wanauita ustadi huu lugha ya Aesop, msimulizi wa ngano wa Ugiriki ya kale, lakini sisi hatuna haja ya kumwazima Mgiriki: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mtu aliyekulia kwenye taarabu anajua kwamba wimbo wa bahari iliyochafuka huenda hauhusu bahari. Anajua kanga ya jirani imemlenga nani, ingawa haina jina. Mtazamaji wa Leningrad aliisoma filamu hivyohivyo. Mfalme wa kale kwenye kioo ni nani leo? Daktari anayefungua mlango wa mtu mwingine kwa ufunguo wake anatuambia nini kuhusu maisha yetu? Mdhibiti mara nyingi aliliona fumbo, ila angelitamka ingebidi aeleze kwa wakubwa zake jinsi alivyolielewa.

Umati huohuo, nikuambie, uliipenda Awaara, filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor, kama ilivyopendwa huku pwani kwetu. Ilipoingia huko mwaka 1954 ilitazamwa na watu wapatao milioni 64. Baba yako alipokwenda Kiev na kukuta Warusi na Waukraine wa makamo wanaziimba nyimbo za Kihindi alizozisikia nyumbani, naamini hakujiona mgeni sana.

Kwa kuwa umetaja Kiev, nirekebishe kidogo: tunasema "za Kirusi" kwa mazoea, lakini nchi ile ilikuwa na jamhuri 15, na nyingi zilikuwa na studio zao. Hapo Kiev Sergei Parajanov, Muarmenia mzaliwa wa Tbilisi, alitengeneza mwaka 1965 filamu ya watu wa milima ya Karpati kwa Kiukraine cha kwao, na ikatoka bila kutiwa sauti za Kirusi. Alifungwa gerezani kuanzia 1973 hadi 1977.

Na Waafrika hawakuwa wasikilizaji tu wa shule hiyo. Ousmane Sembène, mpakua mizigo wa bandari ya Marseille aliyekuwa mwandishi wa riwaya, aliona vitabu vyake haviwafikii watu wake wasiojua kusoma; mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda Moscow kujifunza kwa mwongozaji Mark Donskoi katika studio ya Gorky, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, ya mwendesha mkokoteni wa Dakar. Sarah Maldoror, mwongozaji mwenye asili ya Guadeloupe, alikuwepo pia kipindi hicho. Souleymane Cissé wa Mali alisoma VGIK, na Abderrahmane Sissako wa Mauritania akasoma hapohapo miaka ya 1980. Sissako baadaye alitengeneza Oktyabr (1993), filamu fupi ya Mwafrika na Mrusi wanaopendana katika Moscow yenye theluji, macho ya majirani yakiwafuata. Itazame. Humo utaona jambo ambalo baba yako huenda hakuwasimulia.

Nianzie wapi, umeuliza. Mosfilm imeweka filamu zake nyingi bure YouTube, nyingi zikiwa na tafsiri ya maandishi chini. Anza na ile ya baba, Mzaha wa Majaliwa, sehemu zote mbili. Ni ndefu, pika kwanza. Kisha Moskva slezam ne verit (Moscow Haiamini Machozi) ya Vladimir Menshov, ya wasichana watatu wa bweni la wafanyakazi, iliyotazamwa na watu zaidi ya milioni 80 na kupata Oscar mwaka 1981. Baba yako alikuwa mwanafunzi wa bweni huko ilipokuwa kumbini. Baadaye Utenzi wa Askari, Komissar, Kupanda. Idi i smotri (Njoo Uone, 1985) ya Klimov, kuhusu vijiji 628 vya Belarus vilivyochomwa moto na watu wake, usiitazame usiku wala peke yako.

Andrei Rublev ya Andrei Tarkovsky, kuhusu mchoraji wa picha za kanisa wa zama za kale, iache ya mwisho. Ilikamilika 1966, na kwao haikutolewa hadi Desemba 1971. Ni ya saa tatu na zaidi, na mara ya kwanza inachosha. Vumilia ufike kwa kijana Boriska. Baba yake, fundi wa kengele, amekufa kwa tauni. Wanajeshi wa mtawala wanatafuta fundi, na kijana anawaambia yeye anaijua siri ya baba yake. Anawaongoza wazee, anachagua udongo, anapiga kelele usiku kucha, kengele inamiminwa, inainuliwa, na mbele ya mtawala inalia kweli. Ndipo kijana anaanguka kwenye matope akilia, anamwambia Rublev kwamba baba hakumwambia siri yoyote.

Umebaki wimbo. "Mnye nravitsa" uliyoyakariri ni Mne nravitsya, shairi la Marina Tsvetaeva la mwaka 1915, na katika Mzaha wa Majaliwa sauti ni ya Alla Pugacheva. Tsvetaeva alirudi nchini kutoka uhamishoni mwaka 1939. Binti yake akafungwa, mumewe akakamatwa, na Agosti 1941 akajinyonga. Filamu hiyohiyo ina wimbo wa maneno ya Boris Pasternak, aliyelazimishwa kuikataa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Ryazanov aliwapitisha wote wawili mlangoni, akawaingiza kwenye kila nyumba usiku wa sikukuu, ndani ya filamu ya mlevi aliyepotea njia.

Maneno ya mwanzo yanasema: nafurahi kwamba huugui kwa ajili yangu, nafurahi kwamba mimi siugui kwa ajili yako, na kwamba kamwe dunia hii nzito haitateleza chini ya miguu yetu. Mwanamke anaendelea kumshukuru mtu kwa kutompenda, ubeti kwa ubeti, na kadiri anavyoshukuru ndivyo msikilizaji anavyojua kwamba anampenda. Baba yenu alikuwa akiwaimbia fumbo. Utakapoanza, usiyasome maandishi ya chini, imba naye, maneno unayo.